PASIPOTI HAIOMBWI KWA DALALI WALA KWA KADI YA CHAMA



Wapo wanaofika ofisini kuomba barua ya tawi ili wapate pasipoti. Tunasema wazi: barua hiyo haimo kwenye masharti, na kadi ya chama haimtangulizi mtu kwenye foleni. Pasipoti ni ya raia, awe mwenzetu au mpinzani wetu.

Wengine wanaamini lazima wapitie kwa dalali. Tangu pasipoti ya kielektroniki izinduliwe Januari 2018, fomu inajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, na ada inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa mtu. Alama za vidole unatoa mwenyewe. Hapo dalali hana msaada.

Wala si lazima kusafiri hadi Dar es Salaam. Ofisi ya Uhamiaji ya mkoa inapokea maombi. Andaa kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha mzazi au kiapo, na uthibitisho wa safari.

Asiyejua mtandao aje tawini, tutamsaidia kujaza bure. Akitokea anayedai hela kwa jina la chama, tupeni taarifa mara moja.

Imetolewa na Kamati ya Tawi.