Tusinunue Springi kwa Bei Tu



Mwezi huu hatuandiki juu ya mishahara wala juu ya nyumba. Tunaandika juu ya springi za lori. Mwingine atacheka na kuuliza, watu wa reli wana kazi gani na springi za lori? Ngojeni kidogo. Wengi wetu tumechanga pesa na kununua malori ya kubeba mawe, mahindi na makabichi. Wengine wana watoto na ndugu walio madereva na matanboi. Lori likianguka, si chuma peke yake kinachoanguka.

Mimi ni mmoja wa watu 11 wa karakana moja waliochanga pesa wakanunua lori kuukuu la tani 7. Kazi yake ilikuwa kuleta Nairobi mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Ndarugu, upande wa Juja. Njia ya kutoka machimboni ina mashimo mengi, na baada ya muda lori lilianza kulala upande wa kushoto. Tukakubaliana litengenezewe springi nzito zaidi. Fundi mmoja alikuja mwenyewe kututafuta mpaka langoni, na bei yake ilikuwa nusu ya bei ya wengine. Hakuuliza lori linabeba nini. Aliongeza vyuma viwili kila upande. Chuma kikuu cha upande wa kushoto, kile chenye masikio mawili, kilikuwa na ufa. Akakichomelea kwa moto, kisha akafunga vyote kwa boliti zilezile za zamani. Lori likasimama juu kama ngamia. Tukafurahi, tukampa pesa yake.

Siku ya pili dereva wetu alisema breki za nyuma hazishiki kama zamani. Tukamjibu kwamba yeye ni mwoga.

Majuma matatu yakapita. Asubuhi moja lori likiteremka na mawe, chuma kile kilikatika karibu na mahali kilipochomelewa. Ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, lori likakata barabara na kuingia mtaroni. Tanboi wetu, kijana wa miaka 22, alivunjika mguu, na mpaka leo hatembei sawasawa. Tulipomwendea fundi alituuliza, "Mna karatasi gani ya kuonyesha kwamba kazi ile ni yangu?" Hatukuwa nayo. Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tulinunua kilichojitembeza.

Ndugu, simlaumu fundi peke yake. Sisi tunajua kazi ya chuma, na bado tulidanganyika kwa sababu ya bei. Katika kazi ya reli, tangu zamani, mkaguzi wa mabehewa hupita na nyundo yake akigonga gurudumu. Likiwa zima hulia kama kengele; likiwa na ufa sauti yake hufifia. Behewa lenye springi iliyovunjika hutolewa katika treni, hata kama mwenye mzigo analia. Hakuna anayeuliza bei kwanza. Kwa nini basi mtu akivua nguo za kazi na kuwa mwenye lori asahau mambo anayoyajua?

Hii ndiyo njia ya kumjua fundi wa kuaminika.

Kwanza, yeye huuliza kabla ya kutaja bei. Lori linabeba nini? Tani ngapi? Linapita lami au moramu? Linarudi tupu au na mzigo? Springi ya kupimiwa ni kama suti: fundi asiyekupima atakushonea ya mtu mwingine. Tazama kama ataliweka lori mahali pa sawasawa na kupima urefu kutoka chini mpaka chesisi pande zote mbili.

Pili, muulize chuma chake kinatoka wapi na kinapikwaje. Chuma cha springi si chuma cha dirisha. Hutiwa moto, hukunjwa, huzamishwa katika mafuta kipate ugumu, kisha hutiwa moto tena, mdogo kuliko wa kwanza, kisiwe chepesi kuvunjika. Fundi anayekichomelea anauharibu ugumu huo, na hapo ndipo kitakapokatika. Anayekipiga nyundo kikiwa baridi ili kirudishe upinde wake anakuuzia upinde wa muda mfupi. Fundi mwema hafichi tanuri lake wala pipa lake la mafuta. Atakuruhusu usimame utazame.

Tatu, hatengenezi upande mmoja na kuacha mwingine. Springi mpya ikiwa kushoto na iliyochoka ikiwa kulia, lori litalala na litavuta upande. Vilevile hafungi kazi mpya kwa boliti za zamani. Boliti zile ndefu za mkunjo, zinazoshika springi na ekseli pamoja, zikishakazwa mara moja zimekwisha kunyooka kidogo, zikirudishwa hulegea. Atazikaza mpya kwa spana ya kupimia nguvu, na atakuambia lori lirudi baada ya siku chache za kazi azikaze tena. Fundi asiyetaka kuliona lori tena, msiendelee naye.

Nne, atakumbuka breki. Malori mengi yana valvu iliyofungwa kati ya chesisi na ekseli ya nyuma. Springi zikishuka kwa mzigo, valvu huambiwa lori limejaa, nayo hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Ukiweka springi ngumu zisizoshuka, valvu hudhani lori ni tupu, na breki za nyuma hupewa nguvu kidogo. Hiyo ndiyo habari aliyokuwa akituambia dereva wetu, nasi tukamwita mwoga. Springi zikibadilishwa, valvu hiyo ipimwe upya.

Tano, na hii ndiyo kubwa kuliko zote, anathubutu kukukatalia. Wenye malori wengi huongeza springi wapate kuongeza mzigo. Lakini springi nene haiongezi nguvu ya tairi, wala ya breki, wala ya ekseli. Sheria ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari inaruhusu tani 10 tu kwa ekseli moja yenye tairi nne, na mizani ya Mlolongo au ya Mariakani haiulizi una springi ngapi. Tena, lori likiinuliwa juu hupinduka upesi kwenye kona. Fundi anayekwambia, "Bwana, hapo sitaongeza, utaua watu," huyo mshike mkono. Amekataa pesa yako kwa ajili ya maisha ya mtu asiyemjua.

Mwisho, chukua karatasi. Iandikwe tarehe, namba ya lori, kazi iliyofanywa, vyuma vilivyowekwa na muda ambao fundi anasimama nyuma ya kazi yake. Hata fundi wa jua kali anaweza kuandika hayo, na wako wengi walio hodari na waaminifu kuliko gereji zenye mabati mapya na kibao kikubwa. Hatuwachagui mafundi kwa ukubwa wa jengo. Tunawachagua kwa maswali yao na kwa kazi yao. Waulize madereva waliotengenezewa hapo mwaka jana, si waliotoka hapo jana.

Kwa waajiri tuna neno moja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inawataka muweke vyombo vya kazi katika hali ya usalama. Lori ni chombo cha kazi. Msimpeleke mtu barabarani juu ya springi iliyochomelewa, halafu mseme ilikuwa ajali ya Mungu.

Na kwetu sisi wenyewe, tunaomba kila tawi lifanye mambo mawili. Liwe na daftari la kuandika kazi za springi ambazo wanachama wamefanyiwa, nzuri na mbaya, ili anayefuata asianze gizani. Pili, lori likitoka kwa fundi, dereva ndiye alipokee, si mwenye pesa. Alijaribu kwanza likiwa tupu, kisha na mzigo. Akisema halifai, halitoki. Yeye ndiye anayekaa juu ya springi hizo, na tanboi yuko pembeni yake.

Sisi 11 bado tunamchangia kijana yule kila mwisho wa mwezi. Pesa tuliyodhani tumeiokoa kwa yule fundi wa rahisi ilikwisha zamani katika hospitali. Mguu haukurudi. Ninyi msisubiri kufundishwa kwa njia hiyo.