Amri na Onyo: Lugha ya Usimamizi wa Vifurushi vya Programu

Katika mijadala ya ukuzaji wa istilahi za kompyuta, swali liulizwalo aghalabu ni neno gani la Kiswahili lisimame badala ya neno la Kiingereza. Swali hilo halitoshi. Katika mifumo huria kama Debian, ambako programu husakinishwa na kuondolewa kwa amri ziandikwazo, yafaa kutenganisha matumizi mawili ya lugha: amri aitoayo mtumiaji na maelezo ambayo mashine humrudishia.

Amri ni alama. APT, chombo kilichoingia rasmi katika Debian 2.1 mwaka 1999, hutofautisha "remove" na "purge": ya kwanza huondoa kifurushi lakini huacha mafaili ya mipangilio yake, ya pili huyafuta hayo pia. Tofauti hiyo haimo katika kamusi ya Kiingereza. Hata Mwingereza sharti afundishwe. Kuzitafsiri amri zenyewe kungemtenga Mswahili na miongozo iliyokwisha kuandikwa, bila faida kubwa.

Maelezo, kinyume chake, ni usemi kamili. Humo mashine hutaja vifurushi vitakavyoondolewa na kuomba idhini. Hapa tafsiri ni ya lazima, nayo inawezekana: Mfaransa huulizwa ajibu kwa herufi O, ya "oui", na Mjerumani kwa J, ya "ja".

Hata hivyo, tafsiri sisisi haitoshi. Mwaka 2021 Linus Sebastian, mtangazaji wa video wa Kanada, alijaribu kusakinisha Steam katika mfumo wa Pop!_OS. Kwa sababu ya hitilafu ya utegemezi wa vifurushi, APT ilionya kwamba ingeondoa programu zinazoonyesha madirisha kwenye skrini, ikamtaka aandike sentensi yenye maana ya "Ndiyo, fanya nisemavyo!" Akaiandika, kompyuta ikabaki na maandishi matupu. Mwaka huohuo watunzi wa APT waliibadilisha ikatae ombi la namna hiyo pasipo idhini mahususi ndani ya amri yenyewe.

Onyo lile lilikuwa katika lugha aijuayo vyema, ila lilikaa katikati ya orodha ndefu ya majina ya vifurushi. Kwa hiyo wanaisimu wa Kiswahili wasikomee kwenye orodha za istilahi. Onyo la Kiswahili na lianze na madhara, "Skrini haitaonyesha tena madirisha", ndipo majina yafuate. Uamuzi huo ni wa pragmatiki kabla haujawa wa msamiati.