Kabla ya Jezi, Kiwanja: Barua kutoka Oslo

Ndugu zangu mlioko nyumbani Tanzania,

Nawaandikia nikiwa mpenda michezo wa kawaida, si mchezaji wala kocha. Mtu ambaye mwisho wa wiki wake ni kutembea msituni na kufuatilia matokeo ya ligi. Tangu Septemba 2023, CAF ilipozipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa AFCON ya 2027, habari ninazozisikia kutoka nyumbani ni za viwanja vikubwa: ule wa Arusha wa watu 30,000, ule wa Talanta pale Nairobi wa watu 60,000. Furaha hiyo ni yangu pia. Lakini kuna jambo linalonikera, na ndilo linalonifanya niandike. Raha ya michezo kwa mtu wa kawaida, iwe ya kucheza au ya kutazama, huanzia kwenye ardhi iliyo wazi ambayo hakuna mwenye haki ya kumfukuza, na ardhi hiyo haibaki wazi kwa bahati. Hubaki wazi kwa sababu kuna sheria inayoitaja na kuna watu wanaoilinda. Uwanja wa taifa huja mwisho kabisa wa safari hiyo, na sisi tunaelekea kuanza na mwisho.

Mfano ninaoujua kwa karibu ni wa hapa Norway. Mwaka 1957 Bunge lilipitisha sheria ya mapumziko ya nje, ambayo iliandika desturi iliyokuwepo vizazi na vizazi: ardhi isiyolimwa, yaani msitu, mlima, nyika na kando ya maziwa, ni ruksa kwa kila mtu kuipita kwa miguu au kwa skii, hata kama ina mwenyewe. Unaweza kupiga hema na kulala hadi usiku mbili bila kuomba kibali, mradi uwe mita 150 kutoka kwenye nyumba inayokaliwa. Shamba lililolimwa halikanyagwi wakati wa mazao, lakini majira ya baridi, ardhi ikiganda au ikifunikwa na theluji, hata hilo unalikata. Mwenye ardhi naye hakuachwa hivi hivi: mpita njia anawajibika kutoharibu, na kuanzia katikati ya Aprili hadi katikati ya Septemba haruhusiwi kuwasha moto ndani ya msitu au karibu nao. Hata ardhi haijabadilishiwa mwenyewe. Umiliki umebaki ulipokuwa. Kilichotolewa ni haki ya kupita na kupumzika, na haki hiyo haitegemei ukarimu wa mtu.

Matokeo yake yanaonekana Jumapili yoyote. Treni ya mjini inayopanda Frognerseteren hujaa watu walioshika skii wakati wa baridi na watu wenye mabegi na chakula cha kufunga wakati wa kiangazi. Misitu inayouzunguka mji ina sheria yake peke yake, iliyopitishwa 2009, inayoweka mpaka ambao ujenzi wa mji haupaswi kuuvuka. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize nyinyi mashabiki wenzangu. Mbio za skii za kilomita 50 za Holmenkollen zinapofika, maelfu ya watu hawaendi jukwaani. Wanaingia msituni, wengine wakiwa na mahema tangu usiku, wanachoma soseji kando ya njia na kumshangilia kila anayepita, wa kwanza na wa mwisho. Wanashangilia vile kwa sababu wiki iliyopita wao wenyewe waliupanda mlima ule ule na mapaja yao yanakumbuka. Shabiki wa namna hiyo hahitaji mchambuzi wa redioni kumweleza kwa nini mtu amepunguza kasi kwenye kona. Nchi hii ya watu milioni 5 na nusu hivi iliondoka Beijing mwaka 2022 na medali 16 za dhahabu za michezo ya majira ya baridi, na bado kanuni za shirikisho lake la michezo, zilizoanza 1987, zinakataza watoto walio chini ya miaka 13 kushindanishwa katika ubingwa wa taifa. Mtoto huachwa acheze kwanza. Hakuna anayeharakisha kumtafuta bingwa kati yao, maana kila mtoto ana mahali pa kuchezea, na kundi la kuchagulia ni taifa zima.

Najua jibu la kwanza mtakalonipa: wao ni matajiri, wana mafuta. Naliheshimu jibu hilo, lakini tarehe zinalikataa. Sheria niliyoitaja ni ya 1957, na mafuta ya Ekofisk yaligunduliwa 1969. Chama cha watembea milimani cha hapa kilianzishwa 1868, wakati Norway ilikuwa nchi ya wavuvi na wakulima wadogo ambayo watu wake walikuwa wakihamia Marekani kwa wingi kutafuta maisha. Alama nyekundu za herufi T zinazoongoza wapita njia milimani hupakwa na watu wa kujitolea, na viwanja vya vilabu vya mtaa husafishwa na wazazi siku za kazi ya pamoja, jambo ambalo Mtanzania yeyote aliyewahi kuitwa kwenye msaragambo atalielewa mara moja. Baadaye utajiri uliwajengea treni na vibanda vizuri zaidi. Ardhi yenyewe waliilinda wakiwa maskini, na nadhani ilikuwa rahisi zaidi kuilinda wakati huo, kabla haijapata bei.

Jibu la pili lina uzito zaidi. Sensa ya 2022 iliihesabu Dar es Salaam kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3, karibu sawa na Norway yote. Utawaachia wapi msitu? Ni kweli, huwezi kuiga sheria ya nchi yenye nyika tupu na kuibandika Manzese. Lakini msongamano ndio sababu ya kukilinda kiwanja kimoja kilichobaki kwa nguvu zaidi. Pasipo na msongamano hata asiyejali hapungukiwi. Tazameni ufukwe. Wanorwe waliweka mwaka 1965 zuio la kujenga ndani ya mita 100 kutoka baharini. Sisi tunayo yetu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Tofauti ni kwamba yetu inalinda mazingira bila kumpa mtu wa miguu haki ya wazi ya kupita, ndiyo maana unaweza kuutembea ufukwe hadi ukutane na ukuta wa hoteli na mlinzi anayekuuliza unakwenda wapi. Na sitawapamba Wanorwe. Kwenye ghuba ya Oslo, ambako viwanja vina thamani kubwa, vibali vya kuvuka zuio vimetolewa kimoja baada ya kingine mpaka sehemu ndefu za pwani zimeshikwa na nyumba za watu binafsi, na wananchi wanalalamika. Sheria nzuri isiyosimamiwa huliwa polepole, huku kama huko.

Wapo watakaosema kwamba mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala, au anayeshinda shambani na jembe, hana haja ya kutembea kwa raha. Wanasema hilo ni jambo la walioshiba. Hoja hii nimeisikia mara nyingi na kila mara inaniuma, kwa sababu inawanyima maskini haki ya kufurahi. Na ushahidi uko barabarani. Alfajiri ya Jumapili vikundi vya jogging vinajaza mitaa ya Dar es Salaam, sare kifuani na nyimbo mdomoni, vikigawana lami na bodaboda na malori. Watoto wanacheza chandimu uchochoroni na kusimama kila pikipiki inapopita. Mechi za ndondo zinavuta umati unaozunguka kiwanja cha vumbi bila kiti hata kimoja. Hamu ipo tele. Kinachokosekana ni mahali. Mbwana Samatta alipita African Lyon, Simba na TP Mazembe kabla ya kufika Genk na Aston Villa, na kabla ya hayo yote alikuwa kijana wa Dar es Salaam mwenye mahali pa kupiga mpira. Mahali pakikosekana, ushabiki wenyewe hubadilika: kijana anabaki na kibanda umiza na mkeka wa kubeti, anaijua ligi ya Uingereza kuliko mguu wake mwenyewe. Na kiwanja kikibaki kimoja, wavulana ndio wanaokichukua kwanza. Rede na mpira wa pete husukumwa pembeni, kisha hutoweka, na baadaye tunashangaa kwa nini wasichana hawajitokezi michezoni. Hili la mwisho ningependa akina mama walisemee kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Limebaki suala la usalama. Mnasema maeneo ya wazi ni maficho ya vibaka, bora yajengwe. Nairobi imeshatoa jibu. Msitu wa Karura, wenye hekta zipatazo 1,000, ulikuwa mahali pa kuogopwa, na miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu wenye uwezo ili wajenge. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa na walinzi pale walipokwenda kupanda mti. Msitu ukabaki. Baadaye ukawekewa uzio, wananchi wa jirani wakashirikiana na Huduma ya Misitu ya Kenya, vijana wa kijiji cha Huruma wakawa miongoni mwa walinzi wake, na leo watu wanatembea, wanakimbia na kuendesha baiskeli humo kuanzia asubuhi. Watu wengi waliotulia ndio ulinzi wa kwanza wa mahali popote. Kinachonisumbua Karura ni kiingilio, maana familia kubwa ya kipato kidogo huhesabu mara mbili kabla ya kwenda. Lakini kiingilio ni jambo la kujadiliana, na msitu ukishakatwa hakuna cha kujadili. Januari 2015, pia Nairobi, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirushiwa mabomu ya machozi walipoandamana kudai uwanja wao wa kuchezea uliokuwa umezungushiwa ukuta. Ukuta ukaanguka na uwanja ukarudi. Watoto wa shule ya msingi waliifahamu hoja yangu yote bila kusoma barua hii.

Kwa hiyo ninachowaomba hakigharimu fedha za AFCON. Kwenye mkutano ujao wa mtaa, mwombeni mwenyekiti alete ramani ya mipango miji na awaonyeshe maeneo ya wazi yaliyomo. Ulizeni kila moja limepimwa lini, bikoni zake ziko wapi, na hati au kumbukumbu yake iko kwa nani. Shule ambayo uwanja wake hauna hati, wazazi waanzie hapo hapo, kabla mtu mwingine hajaanza. Vikundi vya jogging mna uongozi, mna sare na mna umati. Nyinyi mnafaa kuwa wa kwanza kusimama. Na pale mtakapokuta kiwanja kwenye ramani lakini chini kuna msingi wa nyumba, andikeni barua kwa halmashauri, igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki na nakala, na mnitumie nami nakala yake.

Ndugu yenu,
Oslo