Fundi wa Nyumbani: Kabla ya Kununua Feni ya Prosesa, Chukua Rula

Sisi tuliotoka kambini kutafuta riziki mjini bado tunawakumbuka kila mwezi, na safu hii ndiyo barua yetu kwenu.

Mwezi huu tunaongea juu ya kompyuta. Wengi wenu mmetuuliza: mashine inawaka vizuri, baada ya dakika kumi inazima yenyewe, shida ni nini? Tunalijua jambo hili kwa sababu lilitupata sisi wenyewe, na karibu litule ada ya watoto.

Kompyuta yetu hatukuinunua nzima. Tuliiunga kidogo kidogo: kasha tulilipata Mbale, ubao mkuu (mafundi wanauita maza bodi) tuliupata Jinja pamoja na prosesa yake, Core i3 ya mwaka 2011. Kazi yake ni kuchapa mitihani ya shule ndogo za jirani na barua za watu wanaotafuta kazi. Hapo ndipo inapotoka sabuni, na ndipo inapotoka ada.

Sasa muhula ulikuwa unaisha, mitihani ya madarasa matatu imo ndani, mashine ikaanza kuzima. Tukampelekea fundi mmoja. Hakufungua hata skrubu moja. Akasema, "Prosesa imeungua, nunueni mashine nyingine." Jamani, usiku ule hatukulala. Pesa pekee tuliyokuwa nayo ni ile ya ada.

Asubuhi binti yetu mkubwa akasema, "Mama, kama prosesa imeungua, mbona inawaka?" Akafungua kasha. Kumbe juu ya prosesa kuna kipozea, yaani bati la alumini lenye mapezi na feni juu yake. Kinashikwa na miguu minne ya plastiki. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika, labda siku tulipoisafirisha kwa basi kupitia barabara ya Tirinyi. Kipozea kimeinama upande, hakigusi prosesa vizuri, joto halitoki. Prosesa ikizidi joto hupunguza kasi, na likizidi sana mashine hujizima ili isiungue. Haikuwa imekufa. Ilikuwa inajiokoa.

Basi tukafurahi, tukakimbia dukani, na hapo tukafanya kosa letu. Tuliomba "feni ya prosesa ya Intel", tukapewa. Ya duara, rangi ile ile, ukiziweka pamoja huwezi kuzitofautisha. Tulipofika nyumbani miguu ikakataa kuingia. Ilikosea milimita tatu tu! Ile ilikuwa ya soketi 775, na ubao wetu ni 1155. Pesa ya nauli ikaenda, na siku nzima ikaenda.

Kwa hiyo, msomaji, usiende dukani na neno "feni" peke yake. Nenda na mambo manne yameandikwa kwenye karatasi.

La kwanza, soketi. Jina lake mara nyingi limeandikwa kwenye ubao, karibu na prosesa. Usipoliona, chukua rula ya mtoto upime kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani, sio kona kwa kona. Ikiwa ni milimita 72, ni soketi 775. Milimita 75 ni familia ya 1155, 1156, 1150, 1151 na 1200, na hizo hubadilishana vipozea. Milimita 78 ni 1700. Za AMD za zamani, kama AM2 na AM3, hazina miguu ya kusukuma, zina kulabu ya chuma inayoshika kwenye plastiki mbili kando ya prosesa. Na ukiwa na kompyuta ya ofisini ya mtumba, kama Dell au HP, ujue nyingi zina skrubu na plagi zao wenyewe. Hapo nenda na kile kibovu mkononi.

La pili, wati. Kila prosesa ina kiwango chake cha joto. Yetu ni wati 65. Kipozea cha wati 65 usikiweke kwenye prosesa ya wati 95, utarudi kule kule.

La tatu, urefu. Kama kasha lako ni jembamba, pima kutoka prosesa mpaka kifuniko. Kipozea kirefu kitakuzuia kufunga.

La nne, plagi. Feni ya pini tatu huingia kwenye sehemu ya pini nne na itafanya kazi, ila inaweza kuzunguka kwa kasi yote na kupiga kelele. Kelele haiui mtu.

Muuzaji atakuonyesha kile kikubwa kama mnara, kinang'aa, akuambie ndicho bora. Ni kweli kinapoza vizuri. Lakini kwa prosesa ya wati 65 inayochapa barua, kile kidogo cha kawaida kinatosha kabisa. Tena sisi ni watu wa kuhamahama: leo Jinja, kesho Mbale, keshokutwa kambini. Mzigo mzito unaoning'inia kwenye ubao ndani ya basi unaweza kuupasua ubao wenyewe. Cha bei ndogo hapa ndicho cha busara.

Sisi wenzetu wa Mbale ndio waliotuokoa. Walikitoa kipozea kwenye mashine iliyokufa ya familia ile ile ya soketi, wakakituma na mtu anayekuja Jinja. Kabla ya kukituma waliijaribu feni kwa betri ya sola ya volti 12: kwenye plagi ya kawaida, waya wa kwanza ni hasi, wa pili ni chanya. Ikazunguka bila kukwaruza. Usifanye hivyo kwa zile zenye plagi zao wenyewe, nyaya zake zinaweza kupangwa vingine.

Kukifunga nako kuna adabu yake. Chomoa umeme. Futa dawa ya zamani juu ya prosesa kwa kitambaa laini na spiriti. Weka dawa mpya ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya njegere, usipake kama siagi kwenye mkate. Kila ukikitoa kipozea, dawa ibadilishwe. Sukuma miguu kwa mkingamo, mmoja wa huku na wa kule, mpaka usikie inalia. Kuifuata alama ya mshale ni kufungua, sio kufunga. Halafu geuza ubao uone miguu yote minne imetokea nyuma. Na usiiwashe kamwe bila kipozea, hata kwa "kujaribu tu".

Mwisho, ukiwasha bonyeza Del au F2 uangalie joto. Yetu ilikuwa imefika nyuzi 91, sasa iko 46. Mitihani ilifika shuleni Jumatatu asubuhi, na ada haikuguswa.

Kwa ninyi mlioko kwenye vumbi: Desemba mpaka Februari safisheni mapezi kila mwezi kwa brashi laini na pampu ya baiskeli, huku mmeishika feni isizunguke. Mara nyingi vumbi peke yake ndilo ugonjwa, na dawa yake ni bure.

Na fundi akikwambia "nunua nyingine" kabla hajafungua, mwambie kwa heshima, "Asante fundi, tufungue kwanza."

Mwenye swali aliandike, ampe anayewaletea jarida. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaongea juu ya betri za sola zinazokufa mapema. Kwaherini, na salimieni watoto.