Semina za Kompyuta Zirudi Zilikotoka Tarakimu

MKULIMA wa Bangalala, Wilaya ya Same, hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa hesabu. Usiku maji ya mfereji huachwa yajaze ndiva, yaani bwawa dogo lililochimbwa na kukarabatiwa kwa msaragambo wa wanakijiji. Kunapokucha hufunguliwa, na kila mwenye zamu hupata sehemu yake. Wakulima wa Vudee walioko juu mlimani na wale wa Bangalala walioko chini hugawana maji ya mto mmoja. Anayekosea hesabu humlaza mwenzake na njaa.

Si ajabu, basi, kwamba wanasayansi waliivutiwa na Upare. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, kilishiriki kutengeneza programu ya kompyuta iitwayo PARCHED-THIRST. Programu hiyo hupokea tarakimu za mvua, udongo na mteremko wa ardhi, kisha hukadiria mavuno ambayo mkulima atapata akivuna maji ya mvua na asipoyavuna. Baadhi ya mashamba ya majaribio yalikuwa Kisangara, Wilaya ya Mwanga. Katika miaka ya 2000 zamu ikawa ya bonde la Makanya, Same. Watafiti walipima mvua na mito huko, na tasnifu za udaktari zilizotokana na kazi hiyo zikatolewa Delft, Uholanzi.

Kazi hiyo ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo, kila mtumishi wa umma anapaswa kujiuliza: tarakimu zikishatoka Same zikapata majibu Morogoro na Delft, nani anazirudisha Same? Afisa umwagiliaji akiulizwa na kamati ya ndiva kama maji ya vuli yatatosha zamu zote, je, anaweza kukaa mbele ya kompyuta akaifanya hesabu hiyo mwenyewe? Kama hawezi, basi bonde limetoa malighafi na kununua bidhaa kutoka nje, kama ilivyokuwa kwa mkonge na pamba.

Nchi yetu ililipia somo hili mapema. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Hazina mwaka 1965. Mahesabu ya Serikali yalipokabidhiwa mitambo iliyowategemea wataalamu wa kigeni, matokeo yalikuwa gharama na vurugu, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa, na ni vizuri ililegezwa. Kosa halikuwa la mashine. Kosa lilikuwa kununua mashine bila kununua ujuzi wa kuitawala.

Leo mashine zipo, na semina ni nyingi. Vyuo vikuu hufundisha programu za kukokotoa, kuchora ramani na kuchambua takwimu. Lakini semina inayofanyika hotelini kwa siku tatu, ikatumia takwimu za mito ya Ulaya, ikafungwa kwa vyeti na posho, haimwachii mshiriki kitu cha kufanyia kazi Jumatatu asubuhi. Ubaya huzidi pale anapofundishwa programu ambayo ofisi yake haina fedha za leseni. Ni sawa na kumfundisha mtu kulima kwa trekta la kuazima.

Njia ya kujitegemea ipo. MATLAB hulipiwa leseni, lakini Octave hutolewa bure, na sehemu kubwa ya lugha yake inafanana nayo. Kwa takwimu ipo R, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Kwa ramani ipo QGIS. Hizo nazo ni za bure. Semina ya watumishi ianze na programu hizo. Pili, ifanyike wilayani, na mshiriki aje na daftari lake la mvua na orodha ya mifereji ya eneo lake. Tatu, mwalimu wa chuo arudi baada ya msimu mmoja kukagua hesabu iliyofanyika, si kuhesabu vyeti vilivyotolewa.

Walimu wasiachwe nyuma. Shule yenye kipima mvua na mwanafunzi wa kuandika milimita kila asubuhi tayari imeanza elimu ya kompyuta, hata kabla kompyuta haijafika. Kati ya tambarare kavu za Same na misitu ya Shengena, penye mita 2,462 juu ya bahari, mvua hutofautiana sana, hata kipimo kimoja cha mjini hakiwezi kusemea wilaya nzima. Tarakimu za shule kumi za milimani na kumi za tambarare, zikiandikwa kwa uaminifu, zitamfaa mtaalamu kuliko programu ya bei kubwa isiyo na cha kukokotoa.

Wapo watakaosema kwamba umeme hukatika na kompyuta ni chache. Ni kweli, na upungufu huo lazima uondolewe. Lakini wazee wa Upare hawakungoja saruji ndipo wachimbe ndiva. Walianza na udongo na mawe.

Ndiva isiyofunguliwa asubuhi haina faida kwa shamba. Vyuo vyetu vimekwisha kukusanya maji ya kutosha usiku kucha. Sasa kumekucha, na zamu ni ya Same.