Tusiuze Feleji kwa Bei ya Kutu



Msimu wa karafuu unapokaribia, mazungumzo yetu huwa juu ya bei, wachumaji, kamba na majamvi. Ni haki yetu kuyazungumza hayo. Lakini panga na kisu havitajwi mpaka vimtupe mtu mkono katikati ya kazi. Kwa panga twapalilia chini ya mikarafuu ili mpeta uonekane; kwa panga na kisu twasafisha matawi yaliyovunjwa na wachumaji. Zana ikiwa butu, kazi huchelewa na mti huumia.

Na kuumia kwa mti si jambo dogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wataalamu Nutman na Roberts walichunguza maradhi ya kukauka matawi ya mikarafuu katika visiwa vyetu, wakaona kuwa kuvu iletayo maradhi hayo huingia kwa njia ya majeraha. Tawi lililochanwa na panga butu ni mlango ulioachwa wazi. Kwa hiyo habari ya kisu ni habari ya mkarafuu wenyewe.

Basi rai yangu ni hii: visu na mapanga tunayoyahitaji twaweza kuyapata hapa hapa kisiwani, kwa wahunzi wetu, kutokana na vyuma vikuukuu tunavyoviuza kwa kilo kama takataka. Springi ya gari iliyokatika na tupa iliyokwisha meno si kutu. Hiyo ni pua, na nyingine ni feleji hasa. Jungu kuu halikosi ukoko.

Najua yatakayosemwa. Wengi husema kuwa kisu cha mhunzi hakikai makali. Leo wanoa, kesho wanoa tena. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini tutazame sababu.

Sababu ya kwanza ni chuma chenyewe. Chuma hupata ugumu kwa kaboni iliyomo ndani yake. Springi za magari aghlabu zina kaboni kiasi cha sehemu 6 katika 1,000, na tupa nzuri ina 10 au zaidi. Nondo ya kujengea kwa kawaida ina 2 au 3 tu, na hiyo hata ukiichoma mara mia haipati ugumu wa kisu cha kazi. Wako mafundi wachache wanaoiponda nondo ikawa bapa, wakaing'arisha na kuiuza kwa jina la springi. Huo si uhunzi, ni udanganyifu, nao huwaharibia jina mafundi waaminifu.

Sababu ya pili ni haraka. Springi iliyokwisha kufuliwa hupashwa moto mpaka iwe nyekundu na sumaku isiishike, yaani kiasi cha nyuzi 770 za sentigredi. Huongezwa moto kidogo, kisha huzimwa katika mafuta, na mafuta ya nazi yafaa. Ikizimwa majini huweza kupasuka. Ikitoka hapo ni ngumu kama kigae, na kama kigae huvunjika. Kwa hiyo husuguliwa ing'are, ikapashwa tena polepole mpaka ibadilike rangi: rangi ya majani makavu kwa kisu, na zambarau au buluu kwa panga, maana panga hupiga na kisu hukata tu. Fundi aliyeiruka hatua hii ya mwisho amekupa panga litakalomeguka penye kisiki cha kwanza.

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Ukiweza, peleka chuma chako mwenyewe, na ukikague kwanza. Springi iliyobeba mizigo miaka mingi huenda ina ufa, na yenye ufa isitumike. Penye jiwe la mashine, mwambie fundi akiguse: feleji hutoa cheche nyingi zinazopasuka kama vinyota, chuma laini hutoa mistari mirefu mitupu. Kikiwa tayari, pitisha tupa kwenye makali; ikila kwa urahisi kama inavyokula msumari, kirudishe. Panga nalo lipinde kidogo, liwe la kurudi lilivyokuwa. Hayo yote hayachukui robo saa.

Sisemi kuwa mapanga ya ng'ambo yote ni mabaya. Yako mazuri, na aliye nalo na alitunze. Lakini likimeguka, utamrudishia nani? Mhunzi yuko karibu. Hulichoma upya, akalitia mpini mpya, na jembe lako akalinyoosha siku hiyo hiyo. Mhunzi asiyepata kazi hapati vijana wa kuvuta mvukuto, na asiyepata vijana huondoka na ujuzi wake. Siku hiyo jembe likivunjika katikati ya palizi, tutavuka bahari kutafuta mtu wa kuligonga.

Kwa hayo naomba Chama chetu kifikirie mambo mawili. Kwanza, pawe na pahala ghalani pa kukusanyia springi na tupa kuukuu za wanachama, na wahunzi wauziwe kwa bei ile ile anayotoa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kiingie chuma chenye mwenyewe anayejulikana. Kifuniko cha mfereji na chuma cha daraja visipokelewe kabisa. Pili, fundi atakayechukua chuma hicho apige alama yake kwenye kengee la kila kisu na panga. Mwenye kazi nzuri atatafutwa kwa alama yake, na mwenye kuuza nondo atajulikana.

Gharama ya mambo haya ni ndogo, na faida yake itabaki mashambani mwetu. Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Sisi kisu tunacho, ila twakiuza kabla hakijafuliwa.

Mwenye rai nyingine na ailete, ukurasa huu ni wetu sote.

Mwanachama, Pemba