Kaka, Msandali Sikuleti

Najua mitihani imekaribia na baridi ya hapa Uingereza imetuingia mifupani, kwa hiyo sitawachosha.

Kabla sijaenda nyumbani Kibwezi likizo iliyopita, mwenzetu mmoja katika chama, ambaye namwita kaka kwa heshima, alinijia na ombi. "Ndugu yangu, niletee kilo mbili tu za msandali. Wazungu wanapenda vitu vya kunukia, tutauza Usiku wa Afrika, chama kipate hela." Nikakataa. Akanuna, na mpaka leo salamu zetu ni za mbali. Kwa vile wengi wananiuliza kulikoni, acha niseme hapa hapa.

Kwanza nikiri kwamba mafuta ya sandali ni mazuri. Mimi nasomea uhandisi wa kemikali, na kukamua mafuta kwa mvuke ni kazi ninayoifahamu. Mti husagwa, mvuke hupitishwa ndani yake kwa saa nyingi, kisha hupozwa na mafuta yakajitenga na maji. Harufu yenyewe hutokana hasa na santaloli, molekuli nzito yenye kaboni 15, isiyoruka haraka. Ndiyo maana harufu ya limau huondoka upesi, lakini ya sandali utaikuta kwenye shati kesho yake. Watengeneza manukato huitumia kushikilia harufu nyingine.

Wanaojikanda nayo ili kutuliza mawazo huweka kama matone 12 katika mililita 30 za mafuta ya nazi. Hayapakwi bila kuchanganywa, wala hayanywewi. Na jamani, tusidanganyane: yanatuliza, hayatibu. Ukiona huli, hulali, na masomo yamekushinda, nenda kwa daktari.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Sandali ya India ni Santalum album. Ya kwetu ni mti mwingine, Osyris lanceolata, unaoota kwenye vilima vikavu kama vya Chyulu na Samburu. Mafuta yake yamo kwenye kiini cha shina na kwenye mizizi. Kwa hiyo mwizi hakati tawi, anang'oa mti mzima. Tena mti huu una dume na jike, na mizizi yake hunyonya maji na chakula kutoka mizizi ya miti jirani. Ukiuotesha peke yake unadhoofika. Ukiumaliza leo, kuurudisha si kazi ya msimu mmoja.

Nyanya yangu alikuwa akibandua kipande cha gome akakichemsha kwenye chai, na mti ukabaki umesimama. Safari hii nilipopanda kilimani nilikuta mashimo.

Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Mwaka 2013 mkataba wa CITES ukauweka kwenye Kiambatisho cha Pili, pamoja na ule wa Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia. Maana yake, vipande vya mti huo havivuki mpaka bila kibali. Kwenye begi langu la nguo hakuna kibali.

Kaka alinijibu, "Kilo mbili ni nini mbele ya malori?" Mi naona malori hujazwa kwa kilo mbili mbili. Akasema pia kwamba kijana wa kijijini anahitaji hela. Ni kweli, na hapo simlaumu kijana. Lakini yeye hulipwa kidogo kwa kung'oa, faida inakwenda mbali, na shimo linabaki kwao.

Basi ushauri wangu ni huu. Ukinunua sandali, soma kibandiko: jina la mti kwa Kilatini na nchi ulikotoka. Kama hayapo, rudisha kichupa mahali pake. Na kwa Usiku wa Afrika, tuuze mafuta ya karafuu ya Pemba. Karafuu huchumwa, mti ukabaki, mwakani ukazaa tena. Na yenyewe yananukia, bwana.

Haya ni maoni yangu tu. Kaka, ukisoma hapa, chai iko kwangu Jumamosi. Njoo tubishane.